Sampuli ya kazi ya fundi iko kaburini

Leo nusura nimfukuzishe fundi niliyekwenda kumdhamini.

Nestori ni seremala wa Burundi. Tulikuwa Ngara mjini kumwombea kibali cha muda cha kazi.

Afisa uhamiaji akauliza, "Mama, kazi yake tuione wapi?"

"Kijijini kwetu Kibimba, kaburini. Alitengeneza jeneza la mume wangu."

(Marehemu alikuwa mrefu. Kwenye kila kitanda alilala amekunja miguu. Humo alinyooka.)

"Kumbe alishafanya kazi bila kibali?"

Nestori akanikanyaga.

"Hakulipwa, baba. Alivuka mpaka kuja msibani. Msiba nao unaombewa kibali?"



Afisa akainama, akacheka, akagonga muhuri.

Nje Nestori akanuna. "Mama, ulikosa kingine cha kutaja?"

"Ndiyo kazi yako pekee ambayo mteja wake hajarudi kulalamika."