Matanga ya Watoto wa Kuhe

Sisi tuliokulia Kalemie enzi za Zaire tulikuwa watu wa maji. Tukitoka shule tulitupa vitabu mlangoni na kukimbilia ziwani, na tuliporudi macho mekundu, mama zetu walitupokea kwa mwiko kwanza, halafu bukari ya moto, ndiyo ugali wetu. Mboga ilikuwa kuhe, samaki mnene ambaye mafuta yake yalibaki vidoleni hadi kesho yake darasani. Watoto wa leo wakiona mwiba kwenye sahani wanaita mtu mzima aje autoe.

Kuhe walizaa katika ghuba dogo nyuma ya mtaa wetu. Ukipiga mbizi uliwaona dume na jike wamesimama juu ya kundi la watoto wao, hawali, hawatoki, wanalinda tu. Basi Papa Wilonja, mkubwa wa wavuvi, mtu mwema tu aliyetoka kaskazini mwa ziwa, akaleta kokoro, wavu wa kukokota wenye matundu madogo kama ya chandarua. Likapita ghubani na kutoa watoto wa kuhe ndoo kwa ndoo. Wakaanikwa mchangani, wakauzwa kwa kikombe.

Jirani yetu Mama Mwavita, aliyekausha kuhe kwa moshi na kuwauza, alikwenda kulalamika. Wavuvi wakacheka. Akaenda kwa wakubwa, wakamwambia angoje. Asubuhi iliyofuata tuliamshwa na kilio. Tukamkuta ghubani, amekaa chini kwenye mkeka, na mbele yake sahani ya watoto wa kuhe iliyofunikwa kitenge. Alikuwa amefungua matanga.

Kwetu msiba ulikuwa msiba. Usipokaa kwenye matanga ya mwenzako, siku yako utalia na kuku wako. Tena, mahali palipo na matanga hapafanyiki kazi mpaka mwenye msiba ayaanue. Kwa hiyo akina mama walileta kuni na sufuria bila kuuliza mengi. Papa Wilonja naye akafika, kokoro begani.

"Mama Mwavita, njo nani alikufa?"

"Watoto wa kuhe. Weye njo uliwaua. Lakini ikala tu, Papa."

Akavua kofia, akakaa. Angefanya nini? Alikuwa na mama mzee nyumbani aliyekohoa tangu kiangazi.

Matanga yakanoga. Wazee walibishana kama muuaji anaweza kupewa mguu wa kuku au shingo tu. Wengine walitaka wajomba wa marehemu waitwe, ila hawakupatana kama wajomba hao wako Moba au Kigoma. Sisi watoto tulilia kwa bidii kubwa, maana aliyelia vizuri alipewa chai ya sukari.

Siku ya tatu akaja komisere wa serikali, koti lake la abakosti limembana shingo. Kukusanyika bila ruhusa kulikuwa kosa, akauliza kwa ukali kama marehemu walikuwa wanachama. Vijana hawatanielewa, lakini tulifundishwa kwamba kila mmoja wetu amezaliwa ndani ya chama pekee cha nchi, hata aliye bado tumboni.

Mama Mwavita hakuinua hata kichwa. "Sitwaye," akasema, maana ndivyo wananchi wote tulivyotakiwa kuitana, "hawa walizaliwa mu maji ya Zaire. Ulitaka wazaliwe mu chama gani?"

Komisere akatoka jasho. Kusema kwamba kuna kiumbe wa Zaire asiye mwanachama kulikuwa hatari. Kusema kwamba samaki ni wanachama kulikuwa upuuzi tu, na upuuzi haukufunga mtu. Basi akasimama, akawasifu marehemu kwa kulitumikia taifa wangali wadogo, nasi tukaimba na kucheza nyimbo za chama mbele ya sahani ambayo sasa ilinuka vibaya sana. Halafu akavua viatu, akala.

Watu walidhani yameisha. Mama Mwavita akakataa kuanua. "Nitaanua wale waliobaki wakikomaa," alisema. Jumamosi za salongo, ile kazi ya lazima ya umma, zilipita, mvua zikaanza, naye yuko pale chini ya turubai, majirani wakimletea uji kwa zamu. Ghuba likatulia. Tulipopiga mbizi tuliona watoto wa kuhe wa urefu wa kidole, baadaye wa kiganja. Papa Wilonja alipita mbali na mtumbwi wake, akipaza sauti, "Pole na musiba, Mama." Nilimpenda sana yule mama.

Mvua ikamshika kifua. Alikufa kabla kuhe wake hawajakomaa. Papa Wilonja ndiye aliyechimba kaburi, na alilia kuliko sisi wote. Siku ya kuanua matanga yake, wazee wakaulizana: na yale ya samaki, ataanua nani, maana mwenye msiba ameondoka? Mmoja akasema tuanue yote pamoja, kwa kuwa chakula kimekwisha kuiva. Hakuna aliyeona ubaya. Tukala, tukanawa, tukaenda kulala. Kesho yake asubuhi wavuvi walikuwa ghubani, wanaimba na kuvuta kokoro.

Siku hizi tuna watu wa mazingira wenye fulana na kipaza sauti. Wanashuka kwenye gari, wanatuambia tupende ziwa, wanapiga picha, wanaondoka kabla jua halijawa kali. Na vijana wetu wanawasha mshumaa kwenye simu, wamemaliza kuomboleza. Wa kukaa chini hatuna, na magoti yangu mimi hayakubali tena mkeka.

Juzi mjukuu wangu aliniuliza kuhe anafananaje akiwa hai, kwani yeye amemwona kwenye barafu tu. Nikampeleka ghubani. Tulitazama maji mpaka akachoka, akaanza kurusha mawe. Nilitamani kulia kwa sauti kama tulivyojua zamani, lakini hapakuwa na mtu wa kuja kukaa nami. Nikamshika mkono, tukarudi nyumbani.