Mawe ya Kutegea Reli

Baba yangu, Marhoon, alitoka Unguja mwaka 1964 na mambo mawili kichwani: gari la moshi la Bububu, ambalo ujanani alikuwa akilichochea moto, na kaburi la mama yake. Gari lilikwisha kufa tangu yeye kijana. Kaburi lilikuwa huku Maskati, na ndilo lililomfanya ashuke melini anatabasamu wakati sisi wengine tunalia.

Mama yake, Bibi Masouda, aliachwa na babu yangu, kaka yake akamrudisha Omani, na mtoto akabakia kwa baba yake. Baba alikuwa hajatahiriwa bado. Hawakuonana tena. Watu huniambia kwamba mambo hayo yalikuwa ya kawaida zamani. Naam, hata jino kuuma ni kawaida.

Tulipata vyumba viwili katika kijiji kimoja cha pwani nyuma ya Matrah, kijiji hicho hicho alichofia bibi yangu. Jina la kijiji siliandiki, maana wenyewe wapo na hawajatusamehe. Mtu pekee aliyebaki anayelijua kaburi lake alikuwa Bi Shaikha, rafiki yake, ndiye aliyemuosha. Lakini Bi Shaikha alikuwa Qurayyat, anamuuguza binti yake. Baba alimpelekea salamu, na jawabu likaja kwa mdomo wa mchuuzi wa tende: "Mwambieni mwana wa Masouda asubiri. Mamake kaniachia maneno yake, na kaniapisha nimwambie juu ya kaburi, siku atayokuja kumzuru. Si kwengine. N'narudi, inshallah."

Mtu anayesubiri maneno ya mama yake hawezi kukaa kitako. Baba alihitaji kazi ya mikono, akaipata.

Kampuni moja ya kuchimba mawe, iliyofilisika zamani, ilikuwa imeacha reli nyembamba kutoka machimboni mpaka kwenye gati bovu, toroli moja lililofukiwa na mchanga, na vyuma vya akiba vinavyooza kwa kutu ghalani. Mwengine angeona takataka. Baba aliiona Bububu. Akawakusanya wenzake wa Unguja, wote hawana kazi, kwani nani wakati ule alikuwa na haja ya makarani na walimu? Kila Ijumaa baada ya sala walifukua, wakasugua kutu, wakapaka mafuta ya papa, bila ya kulipwa hata tende. Mwisho toroli likatembea. Watoto walipanda, na Baba alisimama nyuma ameshika breki, anaita vituo: "Malindi! Saateni! Mtoni!" kwenye majabali yasiyo na hata jani. Watu wazima walicheka, halafu wakafuta machozi. Mimi sikulia. Mimi nilikuwa ndiye mpishi wao.

Laiti wangeishia hapo! Lakini alikuwepo Maalim Bakhit, aliyesomesha jiografia, mtu asiyeweza kuona kitu kidogo akakiacha kidogo.

"Ami Marhoon, mie n'na fikra," alisema siku moja, mdomo umejaa mkate wangu. "Tuirefushe reli mpaka kisimani. Wanawake wa kijiji wasibebe tena maji kichwani. Hapo ndo watatujua sisi nani."

Hilo la mwisho ndilo lililowanasa. Kule tulifukuzwa kwa Uarabu wetu, huku tunachekwa kwa Uswahili wetu. Kila mmoja pale alitamani kuambiwa ahsante, mara moja tu, na mtu wa kijiji. Nilimuuliza Maalim kuhusu ruhusa, kwani katika Maskati ya siku zile hata ukuta wa nyumba yako huugusi bila ya ruhusa ya juu. Akanicheka. Reli ni ile ile, alisema, inanyoosha miguu tu.

Mataruma ya kulazia reli yalikuwa magogo ya mitende. Mvua ya kwanza ilipopiga mlimani, maji ya wadi, mto mkavu wa huku, yakaja na kuchukua udongo wote wa chini, magogo yakabaki yananing'inia. Yakatakiwa mawe ya kutegea chini yake, marefu na bapa. Maalim Bakhit ndiye aliyeyapata, kwenye kona ya wadi, nje ya nyumba ya mwisho. Alirudi amefurahi. "Mazuri hayo, kama yamechaguliwa kwa mkono!"

Yalikuwa yamechaguliwa kwa mkono. Mengine yamelala, mengine yamesimama, hapa mawili, pale matatu, na katika wanaume wote wale na elimu zao hakuna aliyejiuliza jiwe gani husimama lenyewe. Kwetu Unguja kaburi lina tuta, lina mti juu yake, na la mwenye uwezo linajengewa na kuandikwa. Huku mafuriko yalikwisha sawazisha matuta zamani, yakabaki mawe matupu yasiyo na jina. Wakayang'oa. Baba aliyasukuma mwenyewe kwenye toroli, anaita vituo.

Reli ilifika kisimani wakati wa tende. Wanawake walipakia mitungi yao, wakatuambia ahsante, na Baba hakulala kwa furaha. Juma lile lile Bi Shaikha akarudi.

Alikuwa mdogo, mkavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Pemba ya zamani, alikokulia. Alimshika Baba uso kwa mikono miwili. "Paji la Masouda hili," akasema. Baba alikuwa ameoga, amefukiza nguo udi. Mimi nilichukua marashi ya kumwagia kaburini, tukamfuata.

Njiani alikuwa anatueleza. "Hapa kwetu mwanamme mawe mawili, mwanamke matatu. Hatuandiki. Mamako yuko mkono wa kulia wa mume wangu."

Nilimuona Baba anapunguza mwendo. Bi Shaikha aliendelea mbele na bakora yake, anafuata ukingo wa wadi, na nikamuomba Mungu apite ile kona. Hakuipita. Alisimama pale pale.

"Hapa," akasema. Akageuka huku, akageuka kule. "Hapa... Wako wapi?"

Uwanja ulikuwa mtupu. Baba alikuwa ameshika ukuta wa shamba la jirani. Mwenye shamba, Harub, alitoka kutazama kuna nini, na Baba akamuuliza kwa Kiarabu kama aliona mawe yakiondolewa.

"Niliona. Kila Ijumaa."

"Mbona hukutwambia?"

Harub alishangaa kweli. "Hapa mtu hachimbi hata choo bila ya ruhusa ya juu. Nyinyi mlikuwa mnang'oa mchana kweupe, mnaimba. Nikasema hawa wana ruhusa. Nani anamuuliza mwenye ruhusa? Baba yangu mwenyewe yumo humo."

Baba alipiga magoti mbele ya Bi Shaikha. "Bi Shaikha, niambie hayo maneno. Hapa hapa. Si mbali naye."

"Si mbali na nani, mwanangu? Mie niliapishwa nikwambie juu yake, na yeye simuoni. Na mume wangu simuoni." Alipapasa mchanga kwa bakora yake. "Mie sasa n'nakwenda kumsomea nani?"

Reli iling'olewa bila ya mtu kuamrisha. Maalim Bakhit, kwa aibu, aliyarudisha mawe uwanjani, akayasimamisha mawili mawili na matatu matatu, kwa safu zilizonyooka vizuri sana. Bi Shaikha alikwenda kuyaona. "Jiwe lisilo na mtu chini yake ni uongo," alisema. "Munawasingizia maiti." Siku ya pili watu wa kijiji waliyalaza yote. Kuanzia hapo tulipewa salamu, maana salamu ni wajibu, na zaidi ya salamu hatukupewa kitu.

Baba alikuwa anakwenda kwa Bi Shaikha kila asubuhi na mkate niliopika mimi. Alipokewa vizuri. Alipewa kahawa, akasimuliwa namna Masouda alivyokuwa akipika, namna alivyokuwa akicheka mpaka akakohoa. Maneno yenyewe hakupewa. Nilimchukia yule bibi, nasema wazi. Siku moja nilimwendea peke yangu.

"Bibi, baba yangu mzee. Atakufa na kiu hii."

"Na mie mzee," akajibu. "Amana haipungui kwa uzee. Masouda alitaka mwanawe aje kwake. Nikiyasema hapa jikoni, n'takuwa nimemdanganya mtu asiyeweza kunijibu."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa hamkomoi. Angekuwa anamkomoa, ningejua la kufanya.

Mwaka 1970 alikaa sultani mpya na mambo yakabadilika. Waliokuwa hawana haja nasi wakatuhitaji, kila mwenye cheti akapata ofisi. Maalim Bakhit alipata ya barabara, pamoja na gari. Naambiwa kwenye karamu huwahadithia wageni habari za "treni yetu", na watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Habari za mawe hahadithii.

Bi Shaikha alifariki mwisho wa mwaka ule. Wanawake waliniita nikasaidie kumuosha, mara ya kwanza kuitwa kwa lolote. Nilipotoka, mikono inanuka kafuri, Baba alikuwa amesimama ukutani, ananisubiri.

"Alisema?"

"Hakusema kitu, Baba. Alikuwa amefumba macho tangu juzi."

Hakuondoka. Alinitazama, na nikaona kwamba maneno ya mama si kazi kuyapata: nilikukumbuka, sikukuacha kwa kutaka, radhi zangu unazo. Yaliyobaki yangejileta. Nikafungua mdomo.

"Usinitungie, Nasriya," akasema.

Nikaufunga. Jeneza likatolewa, naye akalifuata, nyuma ya watu wote.