Tambi za Mwezi Ujao

Kwa miaka ishirini na sita Eliamini aliwapikia watu wa kila taifa, na mkewe hakuwahi kuonja hata kijiko. Alikuwa mpishi wa mlima. Akipanda na wageni kutoka Marangu, kambini Horombo alikuwa bingwa: supu, keki, na zaidi ya yote tambi za kukaanga alizofundishwa na mgeni mmoja wa Malaysia. Lakini akishuka na kuvuka mfereji wa maji ulio mbele ya kihamba chake, shamba la migomba lenye nyumba yake, mikono ilikufa ganzi. Mwanamume mwenye mke ashike mwiko nyumbani? Kaka yake Ezra, aliyeishi ng'ambo ya uzio wa masale, angemcheka mpaka Krismasi. Upuuzi mtupu, ila Eliamini aliuheshimu upuuzi huo kuliko alivyomheshimu mkewe.

Mkewe, Rachel, hakuchoka kuuliza. Wakinywa chai ya jioni angemwambia, "Baba Loveness, hebu nisimulie tena zile tambi." Naye angesimulia kwa madaha. Unazichemsha, unazichuja, unazikausha, unazikaanga kwenye mafuta mengi mpaka zikauke kama kiota cha ndege. Halafu mezani, mbele ya mlaji, unazimwagia mchuzi mzito wa moto, nazo zinatatarika. Rachel alipapenda hapo pa kutatarika.

"Na mimi nitazisikia lini?"

"Mwezi ujao, Mama Loveness."

Alijibu hivyo mwaka baada ya mwaka.

Masika ya mwaka huu Rachel alirudishwa nyumbani kutoka hospitali mjini Moshi. Uvimbe wa kooni ulikuwa umesambaa, na daktari alimwambia binti yao, Loveness, kwamba kilichobaki ni kukaa na mama karibu. Alikula mtori tu, ile supu nzito ya ndizi, tena kidogo sana. Asubuhi moja akamshika mumewe mkono. "Huo mwezi ujao haujafika tu?" aliuliza akitabasamu, na tabasamu ndilo lililomchoma Eliamini.

Dukani barabarani palibaki pakiti moja ya tambi. Akaichukua, akaingia jikoni, akafunga mlango kwa komeo ili Ezra asimwone. Hata siku ile, jamani, alifunga mlango.

Mchuzi ulimtii: kuku, karoti, hoho, tangawizi, soya sosi, na konfulawa kidogo ya kuufanya uwe mzito. Tambi ndizo zilizomwaibisha. Mikono yake ilijua mlima peke yake. Kule juu maji huchemka upesi lakini moto wake haufiki ule wa huku chini, kwa hiyo tambi hukaa muda mrefu ndipo ziive. Eliamini hakutazama saa. Alipima kwa wimbo wa kwaya, beti zote tano. Basi akaimba zote tano. Alipofunua sufuria akakuta uji. Mpishi wa miaka ishirini na sita hakujua maji ya nyumbani kwake yanapikaje, kwa kuwa hakuwahi kuyachemsha.

Hazikukaangika. Alizichota vivyo hivyo na mchuzi wake, akampelekea mgonjwa kitandani, macho chini kwa aibu. Rachel alikula vijiko vinne, wiki nzima hakuwa amekula hivyo.

"Tamu," alisema. "Mtori wa kigeni huu."

Loveness alicheka, baba yake pia. Kisha Rachel akasema kwa sauti ndogo, "Lakini sikuzisikia."

"Kesho nateremka Moshi nikanunue nyingine. Kesho utazisikia."

"Haya. Kesho ni afadhali."

Kesho yake Eliamini alipanda gari la kwanza. Saa saba mchana alikuwa amerudi na pakiti mbili mfukoni. Akawakuta wanawake wa jirani wameketi uani kwenye mabenchi, na Ezra amesimama kando ya mfereji akimsubiri, kofia mkononi. Hakuna aliyehitaji kumwambia neno. Alijichukia pale pale alipokuwa amesimama.

Walimzika Rachel kihambani, katikati ya migomba. Watu walipokwisha kutawanyika, na Loveness amelala kwa uchovu, Eliamini aliingia jikoni mchana kweupe, akaacha mlango wazi. Safari hii aliimba beti mbili tu. Akachuja, akakausha, akakaanga mpaka zikawa rangi ya dhahabu. Akashika bakuli mkono mmoja na sufuria ya mchuzi mkono wa pili, akakatiza uani. Ezra alikuwa akipunguza majani ya migomba upande wake wa uzio.

"Mdogo wangu, unakwenda wapi na vyombo?"

"Nampelekea mke wangu chakula."

Ezra hakucheka. Aliweka panga chini.

Eliamini alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele, wala hakuamini kwamba wafu wanakula. Hata hivyo alipiga magoti, akaliweka bakuli juu ya udongo mbichi, akamwaga mchuzi. Tambi zikatatarika kwa nguvu, kama alivyokuwa akimsimulia.

"Ndizo hizo, Mama Loveness," alisema. "Ndizo hizo."

Hazikuchukua hata dakika moja. Zililainika, zikanyamaza, naye akabaki amepiga magoti, akilia mbele ya kaka yake.