Nikivaa Miwani, Wanajua Niko Gurudumu Gani

Admin, jina langu weka kando, na wenye kucheka wacheke. Niko na miaka thelathini na moja, naishi Kitengela, nimeolewa kanisani, mtoto bado. Nafanya kazi uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Bwanangu tuko naye kampuni moja na yeye ndiye trainer. Kwa nyumba tuko pia na dada yangu mdogo, niliyemtoa kwetu Ewuaso Kedong aje asomee saluni.

Sasa kazini walileta miwani za training. Ukizivaa huoni nyumba tena. Unaona trekta ya kuvuta troli za mizigo imesimama mbele yako kama ya ukweli, na masikioni ni ngurumo ya ndege tu. Unaizunguka kabla ya kuiwasha, unakagua, na kila kitu unataja kwa sauti. Gurudumu sawa. Breki sawa. Hakuna oil inavuja. Ukiruka kitu kwa mtihani, umefeli. Bwanangu akaniambia, "Usijali mama, nitakuwa nakuja na hizo miwani nyumbani tufanye mazoezi jioni." Nikaona Mungu amenipea mwanaume.

Akasogeza meza, akaziwekea zile miwani mpaka wa mahali nitatembea, kochi likabaki nje. "Taja kwa nguvu," akasema, "nikusikie vizuri."

Baba yetu alikuwa mtu wa ng'ombe. Asubuhi kabla hawajatoka bomani aliwazunguka, lakini kwa mbali, kwa sababu ng'ombe anayechechemea humuoni ukimsimamia karibu. Hiyo tabia iliniingia. Jioni moja nikaizunguka trekta hivyo, kwa mbali, nikapita mpaka. Ukipita, miwani inaondoa trekta na kukuonyesha nyumba yako, usije ukagonga ukuta. Mimi ikanionyesha kochi. Dada yangu alikuwa kwa mapaja ya bwanangu. Huyo mwanaume alikuwa anapapasa hewa na mkono, ananiiga vile natembea, na dada ameuma kitenge asicheke.

Mnajua nilifanya nini? Nilirudi nyuma, trekta ikarudi, nikasema, "Taa ya nyuma, sawa." Hapo ndio nikaelewa kwa nini alitaka nitaje kwa nguvu. Walikuwa wanajua niko gurudumu gani na nimebakisha nini.

Nilipovua miwani, dada alikuwa jikoni anakata sukuma. Bwanangu akanisifu, "Leo umeimprove sana." Na yule akaitikia huko jikoni, "Ni kweli dada, hata mimi nimesikia, hujaruka kitu." Huyo mtoto nilimbeba mgongoni nikienda kuchota maji.

Tangu siku hiyo nimekuwa mbaya, siwafichi. Siku hizi mimi ndiye naomba mazoezi. Nataja pole pole, wanazoea, halafu nanyamaza. Nasogea kwa mpaka nawaangalia wakiachana kama wamemwagiwa maji moto, dada anatafuta kiatu chini ya meza. Kisha nasema, "Ngoja, breki nimesahau, wacha nianze upya." Dada ameanza kukonda. Bwanangu akisikia nimekohoa tu, anashtuka. Naona tamu, halafu nikiingia bafu nalia.

Shida ni Jumapili. Yeyo, mama yetu, anakuja kutuona. Presha yake iko juu, na huyo dada ndiye kitinda mimba wake, hataki kusikia kitu kibaya juu yake. Nimemwambia kwa simu kwamba akifika aende apumzike chumbani, mlango awache wazi kidogo, na akisikia nimetaja breki atoke pole pole bila kuongea, aone vile mimi mtoto wake nimesoma. Hao wawili watafikiri amelala. Alifurahi sana. "Nitakuja nikuone na kazi yako, enkerai ai," akaniambia. Maana yake ni mtoto wangu. Amesema atavaa shanga zake mpya.

Nikiwaambia wawili hao kwa mdomo watakataa, na yeyo ataamini kitinda mimba wake, atasema ni wivu. Akijionea mwenyewe, hakuna wa kukataa. Lakini akianguka hapo mlangoni na shanga zake, sitajua kama wamemuua wao ama ni mimi.

Nyinyi mlio na mama, niambieni ukweli hata kama utauma. Jumapili nitaje breki, ama niiruke?