Mkono wa Nuria Kwenye Paja la Seifu

Nuria wa Maneromango alikuwa fundi wa kuzuia damu, ila majeruhi wake alikuwa mdoli. Darasani, chuo cha uuguzi, alimfunga mdoli yule mpaka mwalimu akampigia makofi. Kisha akapelekwa fildi hospitalini Kibaha, chumba cha dharura, na siku ya pili tu akaletewa mtu wa kweli.

Aliitwa Seifu, mkulima wa Magindu. Yeye na jirani yake waligombea mpaka wa shamba, panga likamwingia pajani likapasua mshipa mkubwa. Damu ilikuwa inaruka. Sista Bertha, msimamizi wa wanafunzi, akaushika mkono wa Nuria akaukandamiza juu ya jeraha.

"Weka uzito wako wote. Usiachie hata dunia ipinduke. Namfuata daktari."

Nuria akaegemea, viwiko vimenyooka. Damu ikatulia. Alihisi uhai wa mtu ukigonga chini ya kiganja chake, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Hapo akaingia Mudathir, kaka yake Seifu, shati limelowa damu ya mdogo wake. Akaiona sare ya mwanafunzi. Nani Kibaha asiyeijua?

"We mtoto! Mnajifunzia kwa mdogo wangu? Toka!"

"Kaka, nikitoa mkono atakufa."

Kofi ndilo lililomjibu. Nuria hakuachia. La pili likampasua mdomo, hakuachia. Hasira hasara, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kushika zamu ya majeruhi. Mudathir akamkaba shingo, akamtupa sakafuni, kichwa kikagonga chuma cha kitanda.

Damu ikaruka ikampiga Mudathir usoni. Akaganda. Nuria akainuka akipepesuka, akaivuta mikono ya mwanamume yule mpaka kwenye jeraha, akaweka yake juu.

"Kandamiza! Na wewe jifunze!"

Wakakandamiza pamoja, wote wawili wakilia. Daktari alipofika damu ilikuwa imeacha kutoka, na Seifu alikuwa ameshakata roho.

Mudathir aliketi chini, mgongo ukutani. Akamtazama Nuria, mdomo ulivyovimba na sikio lilivyochuruzika damu.

"Nilivyokutoa pale... ndiyo nimemuua?"

Nuria alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote. Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa la kweli. Sista Bertha, aliyerudi na daktari, alimtazama.

"Hapana, kaka," Nuria akasema. "Damu ilishaisha njiani."