Mota Iliyoacha Kubweka

Majina siandiki. Siku hizi jina likikutwa kwenye karatasi, mwenyewe hutafutwa. Nitasema kaka, mama, shangazi, na inatosha. Mimi ni yule anayekimbilia nyuma ya pazia mgeni akibisha hodi.

Mota, yaani pikipiki, ilikuwa ya baba. Baba alivuka mpaka kwenda Mtwara na biashara yake ya mikeka, vita na Wareno vikaanza akiwa kule, njia ikafungwa. Tukabaki na mota na kaka. Asubuhi kaka alipakia chumvi na samaki wakavu, akapita kizuizi cha askari mwisho wa mji, akaenda vijiji vya karibu vya njia ya Diaca. Mbele zaidi hakwenda, kulikuwa na mabomu ardhini. Alasiri alirudi na muhogo. Tulikula kwa mota ile.

Chumvi ndiyo iliyoila eskape. Ni bomba la moshi, lakini sisi hapa Mocímboa tunasema eskape kama Wareno. Ilitoboka ubavuni, na kila kaka alipopunguza moto kwenye mteremko mota ilibweka: pa! pa! Mji mzima uliijua. Mama aliisikia tangu kwenye kona ya mikorosho, ndipo akainjika sufuria.

Siku moja ilibweka mbele ya kizuizi, na askari kijana aliyeletwa juzi tu kutoka Ureno akajitupa chini na bunduki yake. Wenzake walicheka mpaka wakashika matumbo.

"Kujitupa chini si kitu," kaka alituambia alipofika nyumbani. "Kuchekwa ndiko kubaya. Ameinuka na mchanga mdomoni, akaniambia siku nyingine akisikia hivyo anapiga kwanza, anauliza baadaye."

"Basi usiende tena," mama akasema.

"Tutakula nini, mama? Mota yenyewe?"

Alipata eskape nyingine dukani kwa Mhindi. Haikuwa ya mota yetu, ilitengenezwa kwa aina nyingine, kubwa zaidi, na ilikuwa imening'inia pale ukutani muda mrefu bila kuulizwa na mtu. Kuifunga barazani hakukuwezekana. Kijana akionekana anagongagonga bomba la chuma nje, jirani mmoja tu anatosha kwenda kusema anatengeneza kitu kingine. Kwa hiyo mota ikapitishwa sebuleni ikaingizwa uani, kwetu wanawake. Shangazi alikuwa ametoka kuoga.

"Pikipiki uani! Sasa mimi nitaoga wapi?"

"Oga tu, shangazi. Mota haina macho."

"Ina taa hiyo!" Akachukua kanga akaifunga taa ya mbele kichwa chote, kama bibi harusi. Tulicheka, na kwa muda mfupi nyumba yetu ilikuwa nyumba.

Mimi nilikuwa nimesoma shule ya sekondari Porto Amélia miaka miwili, nikarudishwa njia zilipoharibika. Shuleni sikujibu swali hata moja kwa hiari yangu. Lakini vitu vya chuma sivionei haya, havinitazami. Kaka ana vidole vinene, havifiki nyuma ya injini, vyangu vinafika. Mama hakupenda.

"Mwali aliyetoka unyagoni halali chali chini ya mota."

"Mama, fumba macho," kaka akasema, "na mpe kipande cha godoro alalie."

Nati za pale kichwani, bomba linapoungana na injini, zilikuwa zimeshikana na kutu. Tulizilowesha kwa mafuta ya taa, hazikutaka. Kaka akaleta makaa. Nilimwambia kwanza tutoe tangi la petroli tuliweke mbali, akaniangalia kama hajawahi kusikia sauti yangu. Tukapulizia makaa mpaka nati ikawa nyekundu, na hapo ikakubali.

Eskape mpya haikukaa. Shingo yake ilikuwa pana, ikacheza kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba yake. Nilisokota waya wa shaba nikafanya pete, nikaigonga mpaka ikawa bapa, nikaichomeka katikati. Huku nyuma matundu hayakukutana, kaka akakata utepe wa chuma wa pipa, akautoboa, akaufanya mkono wa kuishikilia. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Sitasema uongo, sijawahi kufurahi vile tangu baba aondoke.

Kaka akapiga teke. Mota ikawaka, na haikubweka. Ilinguruma chinichini, vuu, vuu. Akaongeza moto, akapunguza ghafla, mara tatu nne. Hakuna pa.

"Hii mota au cherehani?" shangazi akauliza.

Mama alisema alhamdulillahi akaenda kuswali. Kesho yake kaka akaondoka. Tulisimama mlangoni, na kabla hajafika mwisho wa mtaa tulikuwa hatumsikii tena. Mama alitabasamu. Mimi pia nilitabasamu, lakini nilibaki mlangoni baada yao kuingia, na sikujua kwa nini.

Nilifagia ua nikaufagia tena. Nilichambua mchele, nikaumwaga, nikauchambua. Shangazi akasema, "Umeingiwa na siafu?" Baada ya adhuhuri mama alikaa jikoni na sufuria pembeni ya moto, kichwa ameinamisha upande wa barabara kama kawaida yake. Muda ukapita. Akasema, "Mbona simsikii leo?" halafu akajicheka mwenyewe: "Aa, nimesahau. Haisikiki."

Hapo nikajua.

Pale kizuizini kuna sipai, askari mwenzetu mweusi, mwenye kazi ya kunyanyua mti wa barabarani. Kaka akirudi, mota ilibweka kwenye kona ya mikorosho, hata haijaonekana, na sipai akaunyanyua mti. Kaka alishuka mteremko kwa kasi, akapunga mkono, akapita. Ilikuwa hivyo kila alasiri, hakusimama ila siku ile ya mchanga. Waliomwona asubuhi na eskape mpya walikuwa zamu nyingine. Zamu ya alasiri ilikuwa ya yule kijana aliyekula mchanga. Na sasa kwenye kona ingetokea mota kimya, kwa kasi, upande wa porini, na mti uko chini.

Tuliogopa ile sauti tu. Hatukufikiri kwamba ndiyo iliyokuwa ikimpigia hodi.

Niliwaambia. Mama akaniangalia. "Nani ataongea nao? Mimi Kireno sijui."

"Nitakwenda mimi."

"Wewe? Wewe unayejificha hata muuza samaki akibisha hodi?"

Shangazi alishajifunga kanga. Alinisindikiza akisema njia nzima, "Tazama chini, lakini sema juu!" mpaka nyumba ya mwisho, na hapo akasimama. Nikaenda peke yangu.

Sipai aliniona kwanza. "Dada, umepotea?"

Ningeanza kwa Kiswahili ningelia. Nilimgeukia sarjenti, mkubwa wao, nikasema kwa Kireno cha imla, neno moja baada ya jingine, kwamba kaka yangu mwenye mota amebadilisha eskape, kwamba sasa haipigi kelele, na kwamba atakapotokea pale wasimdhanie mtu mwingine.

"Unasema Kireno, msichana," sarjenti akasema, kama mtu aliyeona mbuzi akiandika. "Na sisi tutajuaje kuwa ni yeye?"

"Nitawaambia. Naijua sauti yake."

"Umesema haina sauti."

"Ipo. Nimeifunga mimi."

Wakacheka, sipai naye akacheka kwa kuwa sarjenti amecheka. Yule kijana hakucheka. Alikuwa akitazama mikono yangu, weusi ulikuwa haujatoka kwenye kucha.

"Pale kichwani umeziba kwa kitu gani?" akaniuliza.

"Waya wa shaba."

Akaitikia kwa kichwa, kama fundi kwa fundi. Kisha akanionyesha katikati ya barabara, mbele ya mti, kwa mtutu wa bunduki. "Simama pale. Kama ni kaka yako, utakuwa wa kwanza kumwona."

Nilisimama. Jua lilikuwa limeshuka upande wa mikorosho na macho yalijaa machozi ya mwanga. Mgongoni nilisikia mmoja wao akiwasha sigara. Nilitaka kujikuna shingo nikaogopa kuinua mkono. Nilitega masikio mpaka yakauma: kunguru, majani, mtu anatwanga mbali. Halafu kitu chini ya vyote hivyo, vuu, kama pumzi.

"Ndiye," nikasema.

"Sisikii kitu," sarjenti akasema.

"Ndiye! Nyanyueni!"

Nilikuwa sijawahi kumpigia kelele mtu mzima. Sipai alimtazama sarjenti, sarjenti akatazama kona, na kaka akatokea kwa kasi yake yote, mkono umeshaanza kupunga. Aliona mti uko chini. Akaniona mimi. Alikanyaga breki, mota ikateleza ikaanguka naye, gunia likapasuka na muhogo ukatawanyika barabarani mpaka miguuni pangu. Niligeuka nyuma. Yule kijana alikuwa na bunduki begani, shavu limelala juu yake. Aliiteremsha polepole.

"Nani kafa?" kaka akauliza, bado yuko chini.

"Hakuna."

"Basi unafanya nini barabarani?"

"Eskape."

"Eskape imefanyaje?"

"Haisikiki, kaka."

Akatazama mti, akatazama bunduki. Akaanza kuokota muhogo mmoja mmoja, akiupangusa kwa shati, hata uliovunjika.

Siku iliyofuata hakwenda vijijini. Alikwenda kizuizini alasiri, kwa ruhusa ya sarjenti, na mimi nyuma yake kwenye mota mchana kweupe, mama akitaka asitake. Tulikwenda mpaka kwenye kona tukarudi polepole, tukaenda tukarudi, askari wamegeuka wakitazama bahari ili wasikilize tu. Sipai alikuwa akipaza sauti, "Sasa!" Mwanzoni alikosea, mara akasema sasa tukiwa bado hatujaondoka. Baadaye akapata, yule kijana naye akapata.

Lakini askari hawakai. Huletwa, hupelekwa kwingine, wengine wanarudishwa wamefunikwa. Kila zamu mpya ikija tunaanza tena, na kila alasiri mpaka kaka aingie mimi siwezi kushona wala kusoma.

Jana wameleta wapya. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi. Mama anasema kuwafundisha kungoje kesho, kaka anasema muhogo umekwisha na atakwenda vijijini hivyo hivyo. Wanabishana sebuleni. Mimi nimeshavaa viatu.