Kijiko cha Baba Rupi

Mume wangu Jagtar ni mtu wa kupendeza macho, hilo sibishi. Ana masharubu anayoyasokota kila asubuhi kabla hajamsalimia mtu, na ana trekta ya nguvu za farasi hamsini aliyoachiwa na baba yake, ambayo huiosha mara nyingi kuliko anavyooga yeye. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa naye kama mtu anavyokuwa na mgeni. Anashuka kwenye lori, anakula, analala, anaondoka. Rupi, binti yetu, alipokuwa mdogo alimwona mlangoni akamwamkia, "Shikamoo mjomba." Nilikimbilia jikoni kulia, nikasingizia vitunguu.

Chanzo cha yote ni kilima cha mchanga. Ndugu walipogawana shamba la baba yao, sisi tuliangukiwa na kipande chenye kilima katikati. Huku kwetu Punjab maji ya mfereji ni ya zamu. Kila shamba lina saa zake kwa juma, na saa zako zikiisha jirani anafungua kwake, uwe umemaliza usiwe umemaliza. Maji yetu yalikuwa yakifika kwenye kilima yanageuka, yanarudi yalikotoka. Upande wa pili ilikuwa ni miba tu na sungura. Nusu shamba hailishi nyumba, ndiyo maana Jagtar akawa anaendesha lori la rafiki yake Satpal mpaka Kolkata na kurudi, na trekta nikabaki naiendesha mimi. Hilo la mimi kuendesha hatulisemi sana mbele ya watu.

Mwaka mmoja, mpunga ulipokwisha kuvunwa, alirudi amekonda. Akakaa kwenye kitanda cha kamba uani, akaniambia, "Mama Rupi, nimechoka kulala chini ya lori. Nanunua skrepa, nakifuta kile kilima. Siku ya kumwagilia kabla ya kupanda ngano, maji yakifika mwisho wa shamba, nabaki nyumbani. Yasipofika, Satpal ananipitia darajani siku hiyohiyo."

"Na hilo?" nikamwuliza.

Nilimaanisha godoro lake la safari, jembamba, limeviringishwa na kufungwa kamba. Alikuwa amelilaza mlangoni.

"Hilo likae hapohapo. Hatujui mambo yatakuwaje."

Basi likakaa. Kila nilipotoka kwenda kukamua nyati wetu wa kufugwa nililiruka. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyolichukia godoro lile.

Sasa, kwetu mtu hanunui chombo cha shamba peke yake. Akisema tu anakwenda mjini kununua, wanaume wote wasio na kazi wanapanda tela kwenda kumpa ushauri. Siku hiyo walijaa kama wanakwenda harusini, na mbele yao amekaa Ba'mdogo Karnail, mdogo wake marehemu baba mkwe, mtu ambaye hajawahi kununua hata reki lakini ana neno juu ya kila chuma. Nami nikapanda.

"Mkwe, unakwenda wapi?" Ba'mdogo Karnail akaniuliza.

"Mjini, Ba'mdogo. Nataka uzi."

"Uzi si tungekuletea?"

"Rangi mtakosea."

Uani kwa Tarsem, fundi wa kuchomelea, skrepa zilipangwa kubwa kwa ndogo. Skrepa ni kama beseni kubwa la chuma lisilo na ukuta wa mbele. Trekta inalivuta kwa nyuma, ukilishusha linakomba udongo, ukilinyanyua linakwenda kuumwaga kwenye bonde. Tarsem alikuwa na ya futi saba na ya futi kumi, na rundo la mchanga la kujaribia.

"Futi kumi," akasema Ba'mdogo Karnail kabla hajakanyaga chini. "Kijiji cha ng'ambo ya mfereji wamenunua ya tisa. Tutaweka wapi nyuso zetu?"

Tarsem akajaribu kusema kwamba kwa trekta ya farasi hamsini yeye angechukua ya saba. Wakamzomea mpaka akaenda kuagiza chai.

Wakaifunga ile ya kumi. Jagtar akashusha skrepa kwenye rundo, akakanyaga mafuta. Trekta ikanguruma, skrepa ikajichimbia, na magurudumu ya mbele yakaanza kunyanyuka, taratibu, mpaka pua ya trekta ikawa inatazama mbinguni. Jamani, wale watu walishangilia. Walipiga makofi na miluzi, mmoja akavua shali akaizungusha hewani. Maana kwenye maonyesho yetu huwa tunalipa kiingilio kutazama madereva wakiisimamisha trekta kwa magurudumu mawili, basi kwao trekta iliyonyanyua miguu imeonyesha uanaume wake. Kwamba skrepa ilikuwa haijasogea hata shubiri, hakuna aliyeliona.

Jagtar akashuka kifua mbele, masharubu yamesimama. "Tunachukua hii," akasema.

Nilichemka. Na mimi nikichemka sina adabu ya kutosha, mama yangu alilisema hilo tangu nikiwa mdogo. Lakini kumkemea mume mbele ya tela zima la wanaume ni kumfanya ainunue hata kama ni ya futi ishirini. Kwa hiyo nikatabasamu kwa upole kabisa.

"Baba Rupi, hebu rudia. Na mimi nipande, sijaona vizuri."

Nikakaa juu ya bawa la gurudumu, pembeni yake. Akakanyaga mafuta. Pua ikapaa, makofi yakaanza upya, na mwanaume wangu akazidisha. Skrepa ikachomoka ghafla kwenye mchanga na trekta ikaenda, mbele bado iko hewani. Mbele yetu kulikuwa na kitanda cha kamba cha Tarsem, na juu yake chai ya watu wote.

"Kata kona," nikamwambia.

"Nakata!"

Alikuwa anauzungusha usukani kama kichaa, kulia, kushoto, lakini magurudumu ya mbele yalikuwa hayagusi ardhi. Tukakipanda kitanda. Vikombe vikasagika, Ba'mdogo Karnail akaruka ukuta ambao kwa umri wake haukumstahili, na trekta ikatua puu, ikazima.

Nikamsogelea sikioni.

"Kule kilimani hakuna wa kukupigia makofi," nikamwambia. "Nitakuwepo mimi peke yangu. Sitaki sarakasi, Baba Rupi. Nakutaka wewe nyumbani."

Akakiweka sawa kilemba chake, akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye ile ya futi saba, akaigonga kwa kiatu.

"Fungeni hii."

"Hiyo?" Ba'mdogo Karnail alikuwa anajipangusa vumbi. "Hicho ni kijiko cha kukorogea chai, mwanangu. Tutachekwa."

"Nicheke wewe wa kwanza, Ba'mdogo, tumalize."

Nami ninayemjua nilijua hilo lilimgharimu kuliko bei ya skrepa yenyewe. Njia nzima ya kurudi waliimba juu ya kijiko, na tulipofika kijijini jina lilikuwa limeshatangulia. Hata watoto waliuliza, Kijiko kimekula nini leo.

Kilikula kilima. Asubuhi kilipoanza kazi, trekta ilikikokota magurudumu yote manne yakiwa chini, kinajaa, kinamwaga, kinarudi. Na kwa kuwa kwetu mtu akianza kazi ya ardhi majirani huja na trekta zao bila kuitwa, nawe kazi yako ni kuwashibisha, siku ya tatu waimbaji walewale wakawa shambani kwetu wanasawazisha. Niliwapikia mboga ya haradali, mikate ya mahindi, siagi na sukari guru, na nikampakulia Ba'mdogo Karnail kwa kijiko cha chai. Alicheka mpaka akapaliwa.

Siku ya zamu yetu ya maji ilifika. Jagtar alitoka asubuhi na jembe begani, na chini ya kwapa amebeba lile godoro.

"La nini?" nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Satpal anapita leo. Tulisemaje?"

Akaliweka ukingoni mwa shamba, akafungua mfereji. Nilitembea sambamba na maji, sikuweza kukaa. Yalifika pale kilima kilipokuwa, yakasita kwenye mchanga mkavu, yakaunywesha, kisha yakapita. Yakaenda. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sioni aibu kusema. Yakakaribia kabisa miba ya mwisho, ndipo tuta jipya la kuzuilia maji likapasuka pembeni, kwa sababu udongo mpya hauna mshiko, na maji yetu yakaanza kumwagika kwenye mtaro wa barabara.

Jagtar alitupia jembe la kwanza la udongo, likabebwa. La pili, likabebwa. Huko darajani honi ya Satpal ikalia. Mume wangu akageuka, akatazama daraja, akatazama godoro. Akalinyakua na kamba zake, akalisokomeza kwenye ufa, akalikalia.

Maji yakasimama, yakageuka, yakafuata miba mpaka kwenye kona ya mwisho wa shamba.

Satpal alikuja kwa miguu, akamkuta rafiki yake amekaa kwenye tope mpaka kiunoni, kilemba kimekaa upande, anacheka peke yake.

"Jagtar, tunachelewa. Matandiko yako wapi?"

"Yameloa, ndugu yangu. Wewe tangulia tu."

Hatukulitoa. Lipo ndani ya tuta mpaka leo, na majani yameota juu yake. Nikipita pale kumpelekea Baba Rupi chai yake, huwa nalikanyaga kidogo, makusudi.